Enzi ya Kuiandikia Mashine

Wenzangu waandishi chipukizi, tumezoea kudhani kompyuta ni mali ya watu wa hesabu. Mimi niliyeishia kidato cha nne na kujitosa kwenye riwaya nasema hapana, bwana. Ilikuwapo enzi ambapo huwezi kubadilisha mpangilio wa mashine bila kukaa chini na kuandika.

Mwaka 1980, huko Seattle, Marekani, kijana wa miaka 24, Tim Paterson, aliiandikia kampuni ndogo ya Seattle Computer Products programu ya kuendeshea kompyuta. Akaiita QDOS, yaani mfumo wa harakaharaka na mchafu. (Afadhali yeye aliyejitukana mwenyewe mapema!) Chombo chake cha kuhariri maandishi, Edlin, alikiandika kwa wiki mbili. Julai 1981 Microsoft ikainunua kazi ile kwa dola 50,000. Agosti ikatoka ndani ya kompyuta ya IBM, ikaenea dunia nzima kwa jina la DOS. Elfu hamsini tu! Kampuni ile ndogo ilikuja kushtaki, wakamalizana mwaka 1986 kwa karibu dola milioni moja. Nyinyi mnaouza miswada kwa bei ya karanga, mnasikia?

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Ukiwasha DOS unakuta kioo cheusi, herufi ya diski, na kimstari kinachopepesa kikikungoja. Hakuna cha kubonyeza. Tangu toleo la 2 la mwaka 1983, mipangilio ilikaa kwenye faili la CONFIG.SYS, nalo ni maneno matupu. Ukitaka mafaili mengi yafunguke kwa pamoja unaandika FILES=20, unazima, unawasha. Kuhariri kwa Edlin kulitaka moyo: unaita mstari kwa namba yake, unaurekebisha, unaita mwingine. Wenye haraka waliandika COPY CON CONFIG.SYS, wakamwaga mistari yao, wakafunga kwa Ctrl na Z. Ila hapo faili la zamani lilifutika lote, na DOS ya miaka ile haikuuliza mara mbili. Mwaka 1991 toleo la 5 likaleta EDIT, watu wakaona ukurasa mzima.

Mwaka 2014 mtunzi George R. R. Martin alieleza kwenye televisheni kwamba riwaya zake anaziandika kwenye kompyuta ya DOS, kwa WordStar 4.0. Hataki mashine imsahihishie herufi ambazo hakuiomba. Wengine walicheka. Mimi nilimwelewa kabisa.