Mtoto Apate Nyumba

Mwaka 1875 misheni ya CMS ilianzisha Freretown, karibu na Mombasa. Watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa waliteremshwa pale bila baba wala mama. Walipata chakula na shule; lakini mtoto hutaka pia mtu wa kumwita mama. Mordekai alimtwaa Esta awe binti yake mwenyewe.

Nasi wa Ganze huwachukua yatima wa jamaa zetu. Ni vema. Lakini tusiwape mbuzi wachunge, huku wana wetu wakienda shule. Tumwone afisa wa watoto: kwa sheria, aliyeasiliwa kwa amri ya mahakama hurithi sawa na wa kuzaliwa. Mungu naye alitufanya warithi. Amina.