Tetemeko la San Francisco na Kiti cha Mwenyekiti

Alfajiri ya Aprili 18, 1906 ardhi ilitikisika San Francisco, moto ukafuata, na sehemu kubwa ya mji ikateketea. Katika mengi yaliyovurugika siku ile ulikuwemo mkutano mkuu wa chama cha taifa cha walimu wa Marekani, uliokuwa ufanyike mjini humo Julai. Ukafutwa. Uliofuata ukapangiwa Los Angeles mwaka 1907, mwendo wa siku kadhaa wa treni kwa mwalimu wa Iowa au Wisconsin aliyetaka tu kukutana na wenzake wanaofundisha muziki.

Philip Hayden aliona njia nyingine. Alikuwa msimamizi wa somo la muziki katika shule za Keokuk, mji mdogo wa Iowa ukingoni mwa Mto Mississippi, na tangu 1900 alikuwa akitoa jarida la walimu wa muziki. Mwenye jarida ana anwani za watu. Akawaalika waje Keokuk kuwaona watoto wake wakisoma mapigo ya muziki kwa mbinu aliyoibuni mwenyewe. Bila shaka alitaka kujionyesha kidogo, na sioni ubaya wake. Walifika watu 104, wakakutana kanisani kuanzia Aprili 10 hadi 12, 1907. Aliyekalia kiti alikuwa Frances Elliott Clark, msimamizi wa muziki wa shule za Milwaukee, miaka 13 kabla katiba ya nchi yake haijawapa wanawake wote haki ya kupiga kura. Kufika siku ya kuagana, waliokuja kutazama somo walikuwa wameshakubaliana wakutane tena.

Muziki ulikuwa umeingia rasmi katika shule za umma za Boston tangu 1838, kwa juhudi za Lowell Mason. Kwa hiyo walimu hawa walikuwepo kwa karibu miaka 70, kila mmoja na kwaya yake na piano yake mbovu, bila chombo chao wenyewe. Baada ya Keokuk walikutana Indianapolis mwaka 1909, na mwaka uliofuata, mjini Cincinnati, wakapitisha katiba. Mimi nahesabu kuzaliwa kwa chama kuanzia hapo. Keokuk palikuwa na shauku tu. Cincinnati ndipo palipopatikana utaratibu wa nani aitishe kikao, nani ashike fedha, na nani aondoke lini.

Jambo hilo la nani aondoke lini ndilo linalonivutia kuliko yote katika vyama vya majimbo vilivyochipuka baadaye. Katika vingi kati ya vyama hivyo uongozi wa juu una viti vitatu: mwenyekiti mteule, mwenyekiti, na mwenyekiti aliyemaliza muda. Mtu hukaa kila kimoja kwa miaka miwili kwa kawaida. Anaanza kwa kujifunza, anaongoza, kisha anabaki kuwashauri waliomfuata, naye hana tena la kuamua peke yake. Wote hao ni walimu wenye vipindi darasani, na hawalipwi mshahara wa uenyekiti. Kazi ya kila siku huachiwa mtendaji mkuu. Kandokando yao huketi wawakilishi wa bendi, kwaya, okestra, jazi na muziki wa shule za msingi, kila mmoja akivutia kwake saa za ratiba na ukumbi mzuri wa mkutano wa mwaka. Wanagombania mkutano huo kwa sababu ndiko ziliko fedha: viingilio, ada, na kodi ya mabanda ya wauza ala na wachapishaji wa nota.

Wote hao hupatanishwa na kitabu cha mwanajeshi. Henry Martyn Robert alikuwa mhandisi wa jeshi. Mwaka 1863 alitakiwa kuongoza mkutano kanisani New Bedford, Massachusetts, mkutano ukamshinda. Aibu ile ikazaa, mwaka 1876, kanuni za vikao ambazo vyama vya Marekani vinazifuata hadi leo. Mjumbe hutoa hoja, mwingine huiunga mkono, hujadiliwa, hupigiwa kura. Isipopata wa kuiunga mkono imekufa hapohapo, hata kama mtoa hoja ni gwiji wa tarumbeta. Aliyezoea vikao vya SACCOS hawezi kupotea humo.

Kilichoyapa majimbo sababu ya kuwa na bodi zao hasa ni mashindano, na nyuma ya mashindano walikuwepo wafanyabiashara. Mwaka 1923 watengenezaji wa ala waligharimia mashindano ya bendi za shule mjini Chicago, ikashinda bendi ya Fostoria, Ohio. Walimu walielewa mara moja kwamba mwenye kulipia kombe ndiye atakayepanga kinachopigwa. Chama chao kikaingia katika usimamizi, na utaratibu ukawa bendi zipite kwanza katika mchujo wa jimbo kabla ya kufika ngazi ya taifa. Mchujo ulihitaji waamuzi, orodha ya nyimbo, tarehe na mtu wa kupokea malalamiko ya walioshindwa. Chama cha Ohio ni cha 1924, cha New York ni cha 1932. Huko New York mtoto anayepiga peke yake mbele ya mwamuzi hupangiwa kiwango kuanzia cha kwanza hadi cha sita. Lazima apige skeli na asome nota asizowahi kuziona. Hadi kiwango cha nne alama kamili ni 28. Cha tano na sita ni 100. Kwa nini 28? Katika bodi, jibu la swali kama hilo hutafutwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Texas ni kisa kingine. Walimu wa bendi walianza chama chao mwaka 1920, na leo kila Februari mkutano wake hujaza San Antonio, lakini chama hicho kikubwa si tawi la chama cha taifa. Tena hakiendeshi mashindano ya shule. Hayo yako chini ya UIL, ligi ya Chuo Kikuu cha Texas, na chama chenyewe kinashughulika na usaili wa bendi, kwaya na okestra za jimbo. Mwaka huohuo 1920 shule za Wamarekani Weusi, zilizofungiwa mlango wa UIL, zilianza ligi yao, ambayo baadaye iliendeshwa kutoka chuo cha Prairie View, na humo bendi na kwaya zao zikashindana. UIL iliondoa sharti la weupe mwaka 1965. Ligi ya Prairie View ilifungwa mwaka 1970. UIL ikabaki na jina lake, kanuni zake na ofisi zake Austin.