Albany Empire: mabingwa mara mbili, wakafukuzwa katikati ya shampiona

Albany Empire ilikuwa ekipe ya futiboli ya Kimarekani inayochezewa ndani ya ukumbi, mjini Albany, jimbo la New York. Si mpira wa miguu unaochezwa Idjwi: balo iko kama yai, inashikwa na mikono, wachezaji ni 8 kila upande, na kiwanja cha meta 45 hivi kimezungushiwa kuta zenye magodoro.

Ekipe ya kwanza ya jina hilo ilibeba kombe 2019, lakini ligi yake, Arena Football League, ikafilisika mwaka ule ule. Jina likafufuka 2021 katika ligi ndogo, National Arena League. Wakawa mabingwa 2021, tena 2022. Uwanjani, kweli, hakukuwa shida.

Mwaka 2023 Antonio Brown, nyota wa zamani wa Pittsburgh Steelers, akachukua sehemu kubwa ya ekipe. Jina kubwa, ndiyo, lakini michango ambayo kila ekipe inapaswa kulipia ligi haikulipwa. Aliyeona ekipe ya mtaa ikikosa mechi juu ya pesa ya mtumbwi ataelewa. Tarehe 15 Juni 2023 ligi ikawafukuza, shampiona ingali inaendelea.

Mwaka 2024 Albany ikapata ekipe ingine, Firebirds, ikafika fainali.