Dakika Kumi za Alcolu

Mjukuu wangu ana miaka 14. Juzi kanisumbua asubuhi nzima kutafuta soksi. George Stinney, mtoto Mweusi wa Alcolu, South Carolina, alikuwa na umri huohuo alipokamatwa Machi 1944 kwa mauaji ya wasichana wawili wa Kizungu. Chicago, nchini humohumo, walikuwa na mahakama ya watoto tangu 1899. Lakini George alihojiwa bila mzazi wala wakili, baba yake akafukuzwa kazi kiwandani. Kesi ikaanza na kwisha siku moja. Wanaume 12 wa baraza la mahakama, Wazungu watupu, wakashauriana dakika 10, wakamtia hatiani. Chai yangu haipoi kwa muda huo. Juni 16 akakalishwa kwenye kiti cha umeme kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Hukumu ilifutwa 2014.