Bayogesi ya Iguhu: Hesabu Ianzie Shambani

Wanaodai kwamba samadi ikigeuzwa gesi itapunguza matumizi ya mafuta ya kisukuku huanzia jikoni au kwenye umeme. Kwa Iguhu, katika Ikolomani, Kaunti ya Kakamega, hoja hiyo haifiki mbali. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo, na nyumba nyingi za hapa hupikia kuni. Anayewasha bayogesi anaacha kuni kwanza. Ni heri kubwa kwa mapafu ya wapishi na kwa Msitu wa Kakamega, ila tusiihesabu mahali isipostahili.

Mafuta ya kisukuku ya Iguhu yamo ndani ya gunia la mbolea. Nitrojeni ya yurea na ya CAN hutoka kwenye amonia, na sehemu kubwa ya amonia duniani hutengenezwa kwa gesi asilia. Vita vya Ukraine vilipozuka mwaka 2022 na bei ya gesi ikaruka, mkulima ambaye hajawahi kununua mtungi wa gesi aliilipia kwenye duka la pembejeo. Serikali ikaingilia kwa ruzuku: gunia la kilo 50 likauzwa shilingi 3,500, na mwaka uliofuata 2,500.

Ndani ya mtambo wa bayogesi, bakteria wasiohitaji hewa huvunja samadi na kutoa methani na kaboni dioksidi. Nitrojeni karibu yote hubaki katika tope linalosalia, tena sehemu yake ikiwa imegeuka amonia ambayo mahindi huifyonza upesi. Ng'ombe wawili wanaolala zizini huacha takribani kilo 20 za samadi kwa usiku mmoja. Zikichanganywa na maji kiasi hichohicho, hutoa gesi ya kupikia kama saa mbili, na mbolea ingali ipo. Samadi haipungui thamani kwa kupitia jikoni.

Tope hilo lina masharti yake. Likiachwa juani, amonia huruka hewani. Udongo wa magharibi mwa Kenya una upungufu wa fosforasi, na ng'ombe anayekula majani ya shamba lilelile hurudisha tu kilichotolewa humo. Kwa hiyo DAP, mbolea yenye fosforasi, haitaachwa kabisa. Ng'ombe anayefungwa kamba kando ya barabara huacha samadi hukohuko. Na kuba ya mtambo ikiwa na ufa huvujisha methani, gesi inayopasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100.

Mfano wa Mumias, katika kaunti hiihii, unanifanya niamini zaidi mitambo midogo. Mwaka 2009 kiwanda cha sukari cha huko kilizindua mtambo wa megawati 38 uliochoma makapi ya miwa, megawati 26 zikiuzwa kwa gridi ya taifa. Madeni yalipokizidi kiwanda hadi kikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, nishati ile nayo ilikuwa imekwama. Samadi ya Iguhu imetawanyika katika mazizi mengi, na hakuna kampuni moja inayoweza kuanguka nayo.

Ruzuku ya gunia hulipwa upya kila msimu, ilhali kuba ya matofali iliyojengwa vyema hudumu miaka 20 na zaidi. Sehemu ya fedha hizo ijenge makuba, pamoja na matangi yenye vifuniko ya kuhifadhia tope hadi mvua za kupandia.