Tishari lililoinua Kursk

Jamani, mnaikumbuka Kursk? Nyambizi hiyo ya Urusi ilizama katika Bahari ya Barents tarehe 12 Agosti 2000, watu wote 118 waliokuwemo wakafa. Ilikuwa mita 108 chini.

Iliinuliwa na tishari, Giant 4, lenye jeki 26 za haidroliki. Tatizo lilikuwa mawimbi: tishari likirushwa juu ghafla, kamba za chuma zinaweza kukatika. Basi kila jeki ilikalia mitungi ya gesi ya naitrojeni inayobonyea kama springi, na kompyuta zikasimamia mvuto wa kamba zote. Tarehe 8 Oktoba 2001 ikang'oka matopeni.

Programu yangu ikikwama, naianzisha upya. Pale, familia zilikuwa zikingoja miili ya wapendwa wao.