Kabla ya cherehani kulikuwa na uruhindu

Ukiwatajia wakazi wa Kigali jina la Sonatubes, wengi hufikiria kwanza foleni ya magari. Eneo hilo lilipata jina lake kutokana na kiwanda cha mabomba, na leo ndipo zinapokutana barabara kubwa za Kicukiro: moja yatoka Remera, nyingine yashuka Rwandex kuelekea mjini, na nyingine yakata Kicukiro kwenda Gahanga hadi Bugesera. Asubuhi hupita hapo wanafunzi wa kila rika, sare zimepigwa pasi. Upande wa Kicukiro kuna chuo cha ufundi cha IPRC Kigali, katika viwanja vilivyokuwa vya shule ya ufundi ya ETO. Huko Kicukiro pia kuna Caplaki, kijiji cha wauza kazi za mikono ambao zamani walipanga bidhaa zao katikati ya jiji kabla ya kuhamishwa. Vibanda vya Caplaki vimejaa vikapu, mikeka, vitambaa na mapambo ya nyuzi.

Kazi hizo kwa kawaida huelezwa kama bidhaa: nani kanunua, kwa bei gani, zimesafirishwa wapi. Mimi naona historia yake inaeleweka vizuri zaidi tukiangalia vifaa vyake, yaani kile ambacho mwanafunzi alikuwa nacho mkononi alipoanza kujifunza. Kifaa ndicho kinachoamua nani ataingia katika sanaa na nani atabaki nje. Kikiwa rahisi, kijiji kizima hujifunza. Kikiwa ghali, watajifunza wenye nacho.

Tuanze na mti. Kabla pamba haijafika katika nchi za Maziwa Makuu, watu walivaa ngozi na magome. Nchini Rwanda gome la umuvumu, mti wa jamii ya mkuyu, lilitengenezwa kuwa vazi lililoitwa impuzu. Umuvumu ulipandwa pia kuzunguka nyumba kama ua, na hadi leo mivumu mikubwa iliyosimama peke yake juu ya kilima hutambuliwa kuwa alama ya makazi ya kale ya wafalme na wakuu. Ufundi huo ulishamiri zaidi kwa majirani zetu wa Buganda, ambako kitambaa cha gome, lubugo, bado kinatengenezwa. UNESCO ilikitangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, na mwaka 2008 kikaingizwa rasmi katika orodha yake.

Vifaa vya kazi hiyo ni vichache mno. Gome huvuliwa msimu wa mvua, mti unapokuwa na maji. Jeraha la mti hufunikwa kwa majani ya mgomba ili gome jipya liote, na mti huohuo huvunwa tena baadaye. Gome hulazwa juu ya gogo na kupigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji. Huanza nyundo yenye mifereji mipana, ikafuata ya wastani, ikamalizia yenye mifereji myembamba, na kila pigo linatanua gome na kulilainisha. Mafundi hufanya kazi chini ya banda lililo wazi ili jua lisilikaushe gome kabla halijaiva. Kijana alijifunza kwa kushika nyundo upande wa pili wa gogo, akifuata mapigo ya mzee wake. Akipiga kwa pupa, gome linachanika. Akipiga kwa kulegea, linabaki gumu. Hakuhitaji alama darasani, kitambaa chenyewe kilimwambia.

Kwa Wanyarwanda, hata hivyo, chombo kilichofundisha watu wengi zaidi kuliko vyote ni uruhindu: sindano ya chuma iliyochongoka, nene kuliko ya kushonea nguo, inayotumika kutoboa njia ya uzi katika kikapu. Ukiwa na uruhindu, kisu na bakuli la maji unaweza kutengeneza agaseke, kikapu kile chenye mfuniko uliochongoka kama paa la msonge.

Kazi huanza na kitu kidogo kuliko ncha ya kidole. Msukaji huchukua kifungu chembamba cha majani makavu, hukizungushia uzi wa katani uliolowa, kisha hukikunja kikajizunguka chenyewe. Hapo uruhindu hupenya chini ya mzunguko wa kwanza, uzi hupitishwa kwenye tundu, huvutwa, hukazwa. Hutoboa tena kando kidogo. Mzunguko hupanda juu ya mzunguko mpaka kitako kinapatikana, na mkono unapoanza kuuinua mzunguko badala ya kuutandaza, ukuta wa kikapu husimama. Wanaoanza hukosea mahali pamoja: mishono haifuati mkao mmoja, na kikapu kinapinda upande kama nyumba iliyojengwa bila timazi. Mwalimu hamkemei mwanafunzi. Hufumua mizunguko michache na kumrudishia. Ninaamini katika kufumua huko mna somo kubwa la sanaa kuliko vitabu vingi, maana mkono unajifunza kosa lilianzia mshono gani.

Malighafi nayo imebadilika. Zamani nyuzi zilitoka kwenye majani ya asili, mafunjo na matete ya mabondeni. Mikeka ilifumwa kwa urukangaga, nyasi ya kwenye maji. Baadaye katani, ambayo Wanyarwanda huiita imigwegwe, ikatawala kwa sababu uzi wake ni mrefu, una nguvu na unashika rangi. Jani hukwanguliwa mpaka nyama ya kijani iishe, nyuzi huoshwa, hutiwa rangi na kuanikwa. Rangi nyeusi ya kale ilipatikana kwa kuchemsha ua la mgomba, na yeyote aliyewahi kudondokewa na utomvu wa ndizi kwenye shati jeupe anajua rangi hiyo haitoki kwa sabuni. Nyeusi hiyo juu ya nyuzi za asili ndiyo iliyochora mapambo ya pembe na mistari ya kuvunjika kwenye insika, zile kuta za kufumwa zilizogawa nyumba za wakubwa. Mfano wa makao ya mfalme upo Rukari, Nyanza, na Makumbusho ya Huye, yaliyojengwa kwa msaada wa Ubelgiji mwishoni mwa miaka ya 1980, yana vikapu na mikeka ambayo kila mwanafunzi wa sanaa angepaswa kuiona kwa karibu. Mishono ya baadhi yake ni myembamba kiasi kwamba mtu husogeza uso hadi karibu kugusa kioo.

Kisha ikaja pamba. Kitambaa cha merikani kilitoka viwanda vya Marekani kupitia Zanzibar tangu miaka ya 1830, baada ya Marekani kufunga mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said mwaka 1833, na kikapanda bara mabegani mwa wapagazi. Misafara ya pwani haikupata njia rahisi ya kuingia Rwanda katika enzi ya Mwami Kigeli IV Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895. Baada ya Mjerumani Richard Kandt kuanzisha kituo cha Kigali mwaka 1907, wafanyabiashara wa Kiswahili, Waarabu na Wahindi walijenga maduka, na mtaa wa Waswahili ukakua hadi kuwa Nyamirambo na Biryogo tunayoijua. Huko ndiko cherehani ya kukanyaga ilikopata makao. Hadi leo ukipita Biryogo utaisikia kabla hujaiona.

Cherehani ilileta kasi, na ilileta pia mpaka. Uruhindu ulikuwa wa kila mama. Cherehani ilikuwa mali ya mwenye mtaji, na aliyetaka kujifunza alilazimika kumtumikia fundi kwa miezi, akikata nyuzi na kushona vifungo, kabla ya kuruhusiwa kukanyaga. Shule za kikoloni nazo ziliutia nguvu mpaka huo. Katika Ruanda-Urundi ya Wabelgiji, vituo vya mafunzo ya wanawake, kama kile cha Usumbura kilichofanya kazi kati ya 1946 na 1960, vilifundisha kushona, kufuma na kutia viraka ili mwanamke awe mke mwema wa nyumbani. Nyuzi zikawa somo la utunzaji wa nyumba. Sanaa ikawa kitu kingine. Shule ya Sanaa ya Nyundo, iliyoanzishwa mwaka 1952 na ambayo Rwanda inajivunia kwa haki, ilijulikana zaidi kwa uchoraji, uchongaji na ufinyanzi.

Chuoni Makerere, Uganda, walijaribu njia nyingine. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa huko katika miaka ya 1930, alihimiza wanafunzi waanze na kazi za mikono za makwao, na mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann walichapisha kitabu kikubwa kuhusu ufundi wa makabila ya Uganda, chenye maelezo ya vikapu, mikeka na kitambaa cha gome pamoja na zana zake. Mtu anaweza kubishana naye kwa mengi, hasa kwa jicho lake la kikoloni. Lakini aliona kwamba nyundo ya mti ni zana ya sanaa sawasawa na burashi, na nchi zetu nyingi bado hazijalitekeleza hilo darasani.

Nilianzia Sonatubes, na siwezi kuiandika nikaruka tarehe 11 Aprili 1994. Siku hiyo wanajeshi wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliondoka ETO na kuwaacha zaidi ya watu 2,000 waliokimbilia pale. Watu hao walikamatwa njiani, hapo Sonatubes, wakaswagwa hadi Nyanza ya Kicukiro na kuuawa. Ukumbusho wao upo hukohuko. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kusuka kukawa mojawapo ya kazi chache ambazo mjane asiye na chochote aliweza kuanza, kwa sababu kifaa chake kilikuwa kimoja na malighafi ilikuwa shambani. Wanawake walioondokewa na waume zao na wanawake ambao waume zao walikuwa gerezani waliketi pamoja wakisuka. Dada wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, walijenga kampuni ya Gahaya Links, na kufikia mwaka 2005 vikapu hivyo vilikuwa vikiuzwa katika maduka ya Macy's nchini Marekani. Nembo ya taifa iliyopitishwa mwaka 2001 iliweka agaseke pamoja na gurudumu la meno la kiwandani, vyote ndani ya duara la kamba iliyofungwa fundo.

Nyamirambo, mwaka 2007, wanawake 18 walianzisha kituo chao cha mafunzo, na kushona kukawa miongoni mwa wanayofundisha. Hapo cherehani iliacha kuwa ya mwenye mtaji peke yake, ikawa ya kikundi. Kwangu mimi hilo ni badiliko kubwa kuliko ujio wa cherehani yenyewe.

Mbinu nyingine iliyofaa sana wanafunzi wa Afrika Mashariki ni batiki. Asili yake inayojulikana zaidi ni Java, na viwanda vya Uholanzi viliiga mtindo huo kwa mashine katika karne ya 19, ndiko ulikotokea ukoo wa vitenge tunavyovaa. Batiki ya mkono inahitaji vitu vichache, vingi vyake vikipatikana katika nyumba za Kicukiro: kipande cha pamba nyeupe kilichofuliwa wanga ukatoka, jiko, sufuria mbili, burashi ya zamani, nta na rangi ya maji baridi. Nta huyeyushwa katika sufuria iliyokaa ndani ya maji moto, kamwe si juu ya moto moja kwa moja, maana hushika moto. Nta ya nyuki ni laini na hukunjika na kitambaa. Nta ya mishumaa hupasuka, na kwenye nyufa zake rangi hupenya na kuacha mishipa myembamba. Fundi huchanganya hizo mbili kadiri anavyotaka nyufa. Palipopakwa nta rangi haiingii. Mwanafunzi huanza na rangi nyepesi, hupaka nta tena, huenda kwenye nzito, na mwisho huitoa nta kwa pasi ya moto juu ya magazeti ya zamani. Inambidi afikirie picha yake kinyumenyume: alinde kwanza kile anachotaka kibaki.

Viwanda navyo vimekuwa na safari yake. Kiwanda cha nguo cha UTEXRWA kilianza Kigali mwaka 1984 na kuitengenezea nchi sare na vitambaa. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba, ile caguwa, kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo zinazotoka Rwanda. Wabunifu vijana wa Kigali wamepata nafasi tangu hapo, na nguo zao zinavutia. Lakini wengi wao walijifunza kubuni kabla ya kujifunza uzi, na inaonekana pale kitambaa kinapogoma kufanya walichochora.

Ndiyo maana nawaomba wakuu wa shule za Kicukiro, na wengine wote, wasisubiri chumba cha cherehani kijengwe ndipo somo la nyuzi lianze. Mtaala uliozinduliwa mwaka 2015 unataka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda, na ufundi huu ni kutenda kutupu. Nunueni sindano za chuma za kusukia, yaani uruhindu mmoja kwa kila mtoto, wavulana kwa wasichana. Pandeni umuvumu mmoja uani. Mwiteni mama mmoja anayejua kusuka, mumlipe kama mnavyomlipa mwalimu yeyote, na mumpe muda wa kutosha wa kufumua.